Dawa Ije na Kinu Chake

Wanangu mnaosimama nyuma ya kaunta za maduka ya dawa, marahaba. Najua hamjaniamkia bado, lakini nimeipokea mapema kwa sababu mna haraka na mkono mmoja uko kwenye simu. Iwekeni chini kidogo. Mimi ni Mama Kulwa. Niliuza dawa Katoro, jirani na stendi, tangu mji ukiwa vumbi na vibanda mpaka ukawa vumbi na maghorofa. Magoti yamegoma, kaunta nimeiacha, ila mdomo bado uko kazini.

Binti aliyechukua nafasi yangu ndiye aliyenibana niwaandikie. Alisema, "Mama, usiwape hotuba. Wape vile ulivyokuwa unatusimulia mvua ikinyesha na wateja wakikatika." Haya. Dozi sitawafundisha, hizo mmezisoma kuliko mimi. Nataka tuzungumze juu ya mama anayenyonyesha, na vile vitu anavyokunywa ambavyo mwenyewe haviiti dawa.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Mwajuma, mwenye duka, nesi mstaafu aliyetokea Tabora. Alikuwa mwanamke mfupi, kanga zake zimepigwa pasi, na ukikosea hakupigii kelele. Anakutazama tu mpaka ujitafutie mwenyewe ulipokosea. Siku zangu za mwanzo aliingia mama mwenye kichanga mgongoni, anataka dawa ya mafua. Nikamuuliza kama tulivyoelekezwa kwenye mafunzo, "Unatumia dawa nyingine yoyote?" Akasema hapana. Nikageukia rafu kwa raha zangu. Bi Mwajuma alikuwa amekaa pembeni akipanga maboksi, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mama, tangu umeamka umekunywa nini?"

"Uji, mayu," akamwita mama kwa Kisukuma. "Na maji ya mizizi aliyoniletea shangazi. Na uwatu. Na ile ya kwenye chupa, ya kusafisha tumbo."

Bi Mwajuma akanitazama. "Huyu hatumii dawa?"

"Mwenyewe kasema hatumii."

"Kweli hatumii dawa. Anakunywa mizizi."

Nilicheka, lakini yeye hakucheka, na baadaye nilimwelewa. Huku kwetu dawa ni kidonge au sindano. Mizizi ni mizizi. Mlonge ni mboga, uwatu ni kiungo, pemba ni udongo wa kutafuna, na ile ya kwenye boksi lenye picha ya mwanamke mwembamba ni chai. Ukimuuliza mtu kuhusu dawa atakujibu ukweli mtupu, na utakuwa hujapata chochote. Ndiyo maana Bi Mwajuma alikuwa na kanuni yake: kila kinachopita mdomoni mwa mama anayenyonyesha kije kaunta, na kije na kopo lake.

Hilo la kopo nililiona la usumbufu mpaka siku mama mmoja aliponiletea asali yake ya kuongeza nguvu baada ya kujifungua. Asali ilikuwa nzuri kabisa. Chupa ndiyo ilikuwa ya dawa ya kupulizia pamba, na picha ya mdudu ilikuwa bado imebandikwa. "Nimeiosha," akaniambia. Tangu siku hiyo sikumdharau tena Bi Mwajuma na makopo yake.

Msidhani kila siku ilikuwa ya kutisha. Nyingi zilikuwa za kuchekesha. Kuna mchimbaji mmoja wa dhahabu, kifua kama mlango, aliingia dukani ameshika nepi ya kitambaa kwa ncha za vidole. Akaiweka kaunta mbele ya wateja wote.

"Nusa."

"Baba, shikamoo kwanza ingekuwa nzuri."

"Shikamoo. Nusa. Mtoto wangu anakojoa sukari iliyoungua. Mke wangu naye jasho lake hivyo hivyo. Nimerogwa au ni kisukari?"

Ikabidi ninuse, ndiyo kazi. Kweli ilikuwa harufu ya sukari iliyoungua. Nikamuuliza mke wake anakunywa nini, akasema hakuna, ila uji wake una uwatu, tena wa kutosha, mama mkwe anapima kwa mkono na mkono wenyewe ni mpana. Nikamwambia uwatu hufanya hivyo, harufu inapita kwa mama mpaka kwa mtoto. Nikamweleza pia kwamba ukizidi unaweza kumjaza mtoto gesi na kumsumbua tumbo, unashusha sukari ya mama mwenyewe, na kama mama ana kisukari au anameza dawa za kulainisha damu asiuguse kabla ya kuongea na daktari. Aliondoka amefurahi sana. Nepi aliisahau.

Na yule muuza dawa wa mnadani, mwenye spika juu ya pikipiki? Dawa yake ilikuwa inaongeza maziwa, inapunguza tumbo, inaleta wateja na inamrudisha mume aliyeko mgodini Bulyanhulu. Nilimuuliza ina nini ndani, akasema ina mimea. Nikamuuliza mimea gani, akasema ya porini. Sasa mtoto akidhurika daktari ataandika nini, kwamba amekunywa pori? Chupa isiyosema kilichomo, mrudishie mwenyewe kwa adabu.

Lakini kisa nilichotaka kuwapa ni cha Nyamizi.

Nyamizi alikuwa binti wa maneno machache, mke wa Masanja, mchimbaji mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na wenzake nje kidogo ya mji. Alikuwa na mtoto wake wa kwanza, Maduhu, ambaye shingo ilikuwa bado haijakaza. Alikuja dukani macho yamevimba, akaomba maziwa ya kopo.

"Nataka kumwachisha, Mama Kulwa. Maziwa yangu ni machache, tena jirani anasema yameharibika. Mtoto analia kutwa, na sasa anaharisha."

Kopo la maziwa lilikuwa nyuma yangu kabisa, na muuzaji yeyote angelishusha. Nikamuuliza kwanza Maduhu anakojoa vipi. Akasema anakojoa sana, nepi hazikauki kambani. Nikaomba kadi ya kliniki, uzito unapanda vizuri. Wanangu, mtoto anayekojoa na kupanda uzito anapata maziwa, hata kama analia mpaka majirani wanahama. Hilo nililijua. Nisilolijua ni kwa nini anaharisha.

"Kopo lipo, halikimbii," nikamwambia. "Kesho njoo na kila unachoweka mdomoni. Kila kitu, na kopo lake. Njoo na mtoto, na aliyekupa vitu hivyo naye aje."

Kesho yake akaja na mama mkwe wake. Mama Masanja alikuwa ametoka Kharumwa kuja kumwangalia mzazi, mama wa heshima zake, kitenge kimekaa sawasawa, mjukuu amembeba yeye na wala hakuwa na nia ya kumgawa. Aliniamkia Kisukuma, nikaitika Kisukuma, akaridhika kwamba muuza dawa ni mtu wa kwao. Kisha Nyamizi akaanza kutoa vitu kwenye kikapu.

Kwanza ulitoka uwatu, ukafuatiwa na vipande vya pemba vilivyofungwa kwenye gazeti. Pemba hii nikaiweka pembeni, maana udongo wa ukanda huu wa dhahabu tunaujua una madini mengine ya sumu, na anayechimba udongo wa kuuza haupimi. Ikaja chupa ya vitamini aliyopewa kliniki, hiyo salama. Likaja boksi la chai lenye mwanamke mwembamba, na hapo Nyamizi akatazama chini.

"Hii ya nini?"

"Ya tumbo. Gauni la ubatizo halinipiti."

Nikasoma pembeni ya boksi kwa miwani yangu. Majani ya sanamaki. Hiyo ni dawa ya kumfanya mtu aharishe, iliyovaa jina la chai. Nikamweleza kwamba inaweza kupita kidogo kwenye maziwa, na hata isipopita, mama anayeshinda chooni anakaukiwa maji na kuishiwa nguvu. Gauni lishonwe upya, mshonaji naye anahitaji kula.

Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kujiona bingwa. Ndipo Mama Masanja akatoa chake cha mwisho, kopo la kakao lenye unga wa kijani ndani yake, akaliweka mbele yangu taratibu.

"Huu ni mlonge wa kwetu. Nimeleta majani, nimekausha kivulini, nimetwanga mwenyewe. Kijiko kwenye uji. Mimi ndio ulionilelea watoto."

Nikalifungua nikasogea mlangoni ninuse na nitazame kwenye mwanga. Harufu ilikuwa sawa. Rangi sawa. Lakini jua lilipoupiga, unga ule ulikuwa unang'aa. Vidoadoa vidogo, vinawaka na kuzima nikitikisa kopo.

"Mama Masanja, umeongeza nini humu?"

"Sijaongeza kitu, mayu. Ni majani tu."

"Umetwanga kwenye nini?"

"Kwenye kinu."

Nikaridhika. Nani angeuliza zaidi? Kinu ni kinu, mti uliochongwa, hata mimi ninacho. Nikaanza kufikiri labda majani yaliangukiwa na mchanga wa mica, ule unaometameta, barabarani. Nyamizi yeye alikuwa ameshampigia mume wake simu, nikamsikia akisema, "Dawa ya mama inang'aa."

Kama mmekaa huku mnajua neno "inang'aa" linavyomfanya mwanaume. Haukupita muda bodaboda ikafunga breki mlangoni, akashuka Masanja, matope mpaka magotini, na kwapani ana karai lake la kuoshea dhahabu.

"Shikamoo, Mama Kulwa. Shikamoo, mama. Nasikia kuna dawa mnataka kuitupa. Kabla hamjaitupa naomba niioshe kidogo."

"Masanja, hii ni dawa ya mkeo."

"Ndiyo, na mimi ndiye mume."

Tulicheka wote, hata Mama Masanja. Akachuchumaa barazani, akamimina vijiko kadhaa kwenye karai, akaongeza maji, akaanza kuzungusha. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ni kazi yake. Majani yakaelea, yakamwagikia kwenye ndoo niliyomwekea. Watu wa stendi wakaanza kusogea, maana Katoro huwezi kuzungusha karai ukabaki peke yako. "Kuna kitu?" mmoja akauliza. Masanja akazidi kuzungusha. Chini ya karai kulikuwa kumebaki mstari mweusi wenye chembe za njano. Akainamisha karai upande, na hapo kwenye mkunjo kikabiringika kitone kidogo cheupe kama fedha. Kikagawanyika viwili, kikaungana tena.

Hakuna mtoto wa Katoro asiyekijua kitone kile. Zebaki, ile wanayoshikia dhahabu.

Masanja akakaa chini kabisa. "Huu mchanga ni wa duara letu," akasema polepole. "Weusi huu na njano hii hautoki kwingine. Mama, ulitwangia wapi?"

"Nimesema kwenye kinu."

"Kipi, mama?"

"Kile cha chuma, nyuma ya nyumba. Cha mti kilikuwa kimepasuka." Akatutazama mmoja mmoja. "Nilikiosha kwa sabuni, mwanangu. Nilikisugua na jivu mpaka kikatakata."

"Ndicho tunachopondea mawe ya kupima dhahabu. Na zebaki tunachanganyia humo humo."

Mama Masanja alimtoa Maduhu begani akamweka mikononi mwa mama yake, akaifuta mikono yake kwenye kitenge, akaifuta tena. Nyamizi alinitazama mimi, na kile alichokuwa anauliza niliona kinakuja kabla hajafungua mdomo.

"Mama Kulwa, sasa nimwachishe?"

Hapo, wanangu, ndipo kazi inapokujaribu. Nilikuwa na majibu mawili mdomoni na yote yalikuwa ya kubahatisha. Nikisema aache, mtoto anahamia kwenye kopo la maziwa linalochanganywa na maji ya kisima cha machimboni. Nikisema aendelee, sijui ni sumu kiasi gani imepita. Nikamwambia, "Hilo halijibiwi kaunta. Tunaenda kwa daktari sasa hivi." Unga nikaufunga na kopo lake kwenye mfuko. Maji ya karai sikuruhusu yamwagwe mtaroni, tuliyafunga kwenye dumu na Masanja akaoshwa mikono pale pale. Nikafunga duka mchana kweupe, kitu ambacho Bi Mwajuma angeweza kufufuka kwa ajili yake, maana alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Daktari wa kituo cha afya alikuwa kijana anayeongea taratibu, na nilimshukuru kwa hilo kuliko kwa elimu yake. Aliuliza mlonge umetumika tangu lini. Nyamizi akasema tangu mama alipofika, na kopo lilikuwa halijapungua hata robo. Akampima mama, akampima mtoto, akachukua damu zao, na sampuli pamoja na unga vikasafirishwa kwenda maabara kubwa. Akasema mlonge ule usiguswe, chai isiguswe, pemba isiguswe. Kisha akasema lile tulilokuwa tunalingoja.

"Mama, endelea kunyonyesha. Umetumia kwa muda mfupi, na maziwa yako mpaka sasa yana faida kubwa kuliko hatari ninayoiona. Majibu yakija na nikabadili mawazo, nitakuambia mimi mwenyewe."

Nesi wa kliniki akamkalisha Nyamizi, akamtazama anavyonyonyesha. Maduhu alikuwa anavuta ncha ya chuchu tu. Nesi akamsogeza tumbo kwa tumbo, akangoja mdomo ufunguke mpana, akamwingiza vizuri. Mtoto akanyamaza, akaanza kumeza kwa sauti. Maziwa machache yaliyosumbua ukoo mzima yakaanza kumdondoka pembeni ya mdomo. Siku chache baada ya kuacha chai kuharisha nako kukakoma. Daktari hakuapa kwamba ni chai, alisema inawezekana sana, na mimi nitaishia hapo hapo alipoishia.

Lakini damu ilikuwa bado iko njiani, na siku za kungoja zilikuwa ndefu. Niliogopa, nawaambia wazi. Nilikuwa nalala na kumwona yule mtoto. Kilichoniumiza zaidi ni Mama Masanja. Nilipopita kwao nilimkuta jikoni anapika, anafua nepi, anachota maji, lakini Maduhu hamgusi. Akililia mikono ya bibi yake, bibi anageuka upande.

"Mbebe, Mama Masanja."

"Mikono yangu hii, mayu? Acha kwanza."

Na maneno yalikuwa yameanza pembeni. Huku kwetu mnajua neno la uchawi likianza kusemwa juu ya mama mzee na mtoto mgonjwa linaweza kufika wapi. Hapo Masanja nilimpenda. Alikibeba kile kinu cha chuma akakirudisha machimboni mchana, akipita katikati ya nyumba za watu, na kila aliyemsalimia alimwambia, "Kosa ni la kinu changu nilichokiacha nyumbani. Mama yangu alitwanga mboga." Alisema hivyo kwa jirani, kwa wenye bodaboda, kwa wachimbaji wenzake. Maneno yakakosa pa kushika.

Siku majibu yalipokuja nilikuwa nampimia mteja dawa ya kikohozi. Nyamizi aliingia anakimbia, Maduhu kifuani, simu mkononi, nyuma yake Mama Masanja anahema. Nyamizi akakaa kwenye benchi la wateja, akafungua kifua, akamweka mtoto kwenye ziwa mbele ya kila mtu. Nikajua.

"Amesema ninyonyeshe," ndipo akasema. "Amesema kiwango cha sumu ni kidogo sana, cha mama na cha mtoto, hakihitaji dawa, kitaisha chenyewe. Turudi apime tena. Amesema ninyonyeshe, Mama Kulwa."

Nililia. Nililia kwa sauti, mteja wa kikohozi nikamwacha ajikoholee. Unga wenyewe ulikuwa mbaya, daktari aliniambia baadaye, ulikuwa na zebaki na madini ya risasi ya kwenye mawe, na kama kopo lile lingeliwa mpaka mwisho mazungumzo yetu yangekuwa mengine kabisa. Lakini halikuliwa. Mama Masanja alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo. Maduhu aliposhiba akacheua, Nyamizi akasimama, akampa mama mkwe wake mtoto. Na yule mama akanyoosha mikono.

Nawaambia haya kwa sababu mimi niliuliza "umetwanga kwenye nini," nikajibiwa "kinu," nikaridhika. Tangu hapo kanuni ya Bi Mwajuma nikaiongezea mkia. Dawa ije na kopo lake, na kinu chake. Uliza ni cha mti au cha chuma, na kama ni cha chuma uliza nani mwingine anakitumia. Uliza kitambaa cha kuchujia kilikuwa cha nini jana, maana wapo wanaokamulia zebaki kwenye kitambaa kisha kikaanikwa uani na vya jikoni. Uliza mashine aliyosagishia inasaga nini zaidi ya mahindi. Baba akitoka machimboni abadili nguo na aoge kabla ya kumpakata mwanawe, mwambieni hata kama atanuna. Na picha mnazotumiwa kwenye simu, "Dada, hii naweza kunywa nikinyonyesha?" msizijibu na zikaishia hapo. Picha ya kopo lile la kakao ingeonyesha unga wa kijani, basi. Mwambieni aje nayo, atembee nayo mpaka mlangoni kwenye jua.

Msiwagombeze akina mama, wala bibi zao. Aliyegombezwa huficha, na kinachofichwa hakiji kaunta. Mlonge wenyewe daktari hakuukataza, alisema ukiliwa kama mboga, kwa kiasi, na kliniki wakijua, hana ugomvi nao. Mama Masanja hakumletea mjukuu sumu. Alimletea chakula alichokiamini, akakitwanga kwa mikono yake.

Siku zikapita, gauni likashonwa upya, mtoto akabatizwa. Asubuhi moja nikasikia bodaboda inanguruma mlangoni kwa shida. Nikachungulia. Nyuma ya dereva alikuwa Mama Masanja, Maduhu mgongoni kwake, na nyuma yao kimefungwa kwa mipira kinu cha mti, kipya, kikubwa, mchi umechomekwa ndani. Dereva alikuwa analalamika. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Kinu kikashushwa, kikaingizwa dukani na watu wawili, kikapandishwa kaunta, na kaunta ikalia.

"Masanja kanichongea," akasema, akihema na kucheka. "Wewe ulisema kije na kopo lake na kinu chake. Nimekileta." Akafungua fundo la kitenge akatoa unga wa kijani kwenye mfuko safi. "Haya, niulize."

"Nikuulize nini tena, mayu?"

"Niulize. Na hawa wasikie."

Wateja walikuwa wamejaa, na baadhi yao walikuwa wale wale waliokuwa wakinong'ona. Nikavaa miwani yangu, nikakohoa kama hakimu.

"Mama Masanja, umetwanga wapi?"

Akakipiga kinu kofi mpaka Maduhu akashtuka mgongoni. "Humu!"

Watu wakashangilia. Akamfungua mjukuu wake, akampakata, akamtuliza kwa kumtikisa na kumwimbia Kisukuma. Mimi nikauchukua unga ule, nikaenda nao mlangoni, nikaumimina kidogo kiganjani, nikautikisa kwenye jua, nikautikisa tena. Haukung'aa hata kidogo.